Daktari wetu ana usonji: tumsaidieje kazini?

Katika jamii zetu ni habari chache zinazopokewa kwa furaha kama ile ya kijana wa mtaani kuhitimu udaktari. Wazazi hupigiwa simu za pongezi, dua husomwa, na tangu siku hiyo kijana hupoteza jina lake akaitwa "dokta" na wakubwa kwa wadogo. Baada ya hapo huwa tunaamini kwamba safari imekwisha. Aliyefaulu mitihani migumu kiasi kile, twasema, atashindwa na nini tena?

Wapo wanaoshindwa, wala si kwa kukosa elimu au bidii. Miongoni mwa madaktari wako ambao ubongo wao umeumbwa kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Wapo wenye usonji. Wapo wenye hali inayojulikana kwa kifupi cha ADHD, ambayo humfanya mtu aone taabu kutulia na kuelekeza makini yake pale anapotakiwa. Wapo wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili. Wapo pia wenye hali ya Tourette, ambao viungo na sauti zao hushtuka bila ya hiari yao. Tutawazungumzia hawa, na zaidi wale wenye usonji, kwa kuwa habari zao zimechunguzwa na kuandikwa.

Hoja yetu ni hii. Msaada anaouhitaji daktari wa namna hii kwa sehemu kubwa hauna gharama. Ni utaratibu ulio wazi, ambao hospitali ingepaswa kuwa nao kwa faida ya kila mtumishi na kila mgonjwa. Kinachomkosesha msaada huo ni kuficha hali yake, na kinachomfanya afiche ni namna sisi tunavyomtazama.

Wapo, ila hawaonekani

Mwaka 2019 Dk. Mary Doherty, daktari bingwa wa usingizi na ganzi nchini Ireland, alianzisha umoja wa madaktari wenye usonji uitwao Autistic Doctors International. Yeye mwenyewe ana usonji, na alilitambua hilo akiwa mtu mzima. Umoja huo umekusanya mamia ya madaktari wa fani mbalimbali, jambo ambalo peke yake linatosha kuwajibu wanaodhani kwamba mwenye usonji hawezi kuwa tabibu.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahoji madaktari 225 wenye usonji. Asilimia 80 walisema wamewahi kufanya kazi na daktari mwingine waliyemdhania kuwa na usonji, lakini ni asilimia 22 tu waliowahi kufanya kazi na daktari waliyejua kwa hakika kwamba anao. Asilimia 29 hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kazini kuhusu hali yao. Wengi hawakuwahi kuomba warekebishiwe jambo lolote katika mazingira ya kazi. Na zito kuliko yote, asilimia 77 walikuwa wamewahi kufikiria kujitoa uhai, na asilimia 24 walikuwa wamejaribu.

Ni kweli kwamba waliojibu ni wale waliokwisha kujitambua na waliokubali kusema, kwa hiyo takwimu hizi hazimsemei kila daktari mwenye usonji duniani. Hata hivyo, mzazi yeyote akizisoma hawezi kulala usingizi wa raha. Nchi kama Uingereza ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayomlazimisha mwajiri kumrekebishia mtumishi mwenye ulemavu mazingira ya kazi kadiri inavyowezekana. Sheria za namna hiyo zipo, na bado wengi wamefunga midomo.

Anashindwa na nini?

Tuchukue mfano wa daktari mtarajali katika hospitali yoyote ya hapa kwetu. Amesoma miaka mitano chuoni, na sasa anatakiwa kumaliza mwaka mmoja wa utarajali kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Katika mwaka huo atazunguka idara baada ya idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Mara tu anapoizoea wodi moja, huhamishwa. Anakuta bingwa mwingine, wauguzi wengine, na desturi nyingine ambazo hazikuandikwa popote. Kila mtu hudhani kwamba mgeni atazijua mwenyewe.

Asubuhi wodi imejaa. Mashine zinalia, simu zinaita, ndugu wa wagonjwa wanauliza maswali kwa pamoja, na taa moja inamezameza. Bingwa anapita kwa haraka na kusema: "Mwangalie yule wa pembeni, halafu ushughulikie vile vipimo." Wengine hukamata maana kwa kufuata macho ya mkubwa. Huyu, ambaye akili yake hupokea kauli iliyonyooka, anajiuliza: pembeni ipi, na vipimo vipi? Anauliza. Anajibiwa kwa ukali mbele ya wagonjwa. Anauliza mara ya pili, anaonekana mzembe. Mara ya tatu hathubutu tena kuuliza, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu mgonjwa amelala mikononi mwa daktari anayeogopa kuuliza.

Kisha yako mambo ya adabu. Kwetu salamu ni ndefu, na mkubwa haambiwi moja kwa moja kwamba amekosea. Daktari huyu huenda akaingia ofisini na kuanza na habari ya mgonjwa kabla ya kumjulia hali aliyemkuta. Huenda akaepuka kumtazama mtu usoni, kwa kuwa kutazamana humvurugia mawazo. Huenda akamwambia bingwa, bila ya kuzunguka, kwamba dozi iliyoandikwa si sahihi. Akafasiriwa kuwa ana kiburi, kumbe alikuwa anamlinda mgonjwa. Mwaka 2012 mtaalamu wa Uingereza, Damian Milton, ambaye naye ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwenye usonji haoni kwa wepesi yaliyomo moyoni mwa wenzake, lakini na wao pia hawaoni yaliyomo moyoni mwake. Tofauti ni kwamba lawama hutupiwa upande mmoja tu.

Haina maana kwamba kila daktari mwenye usonji ana kipaji cha ajabu. Wapo wenye kumbukumbu kali na wapo wa kawaida, kama ilivyo kwa watu wote. Lakini wengi wao huzingatia mambo madogo ambayo macho ya wengine huyaruka, hufuata utaratibu bila ya kukata njia, na hawachoki kusoma juu ya ugonjwa unaowashughulisha. Hizo ni sifa ambazo mgonjwa yeyote angezitaka kwa tabibu wake.

Madaktari wawili

Oliver Sacks, aliyezaliwa London mwaka 1933 na kufanya kazi New York hadi uzee wake, alikuwa daktari wa magonjwa ya neva na mwandishi mashuhuri. Katika kitabu chake An Anthropologist on Mars, kilichotoka mwaka 1995, alisimulia habari za daktari mpasuaji wa Kanada mwenye hali ya Tourette. Nje ya chumba cha upasuaji mwili wa daktari yule ulikuwa ukishtuka na kurukaruka kila mara. Aliposhika kisu cha upasuaji na akili yake ikazama katika kazi, mishtuko ilitulia. Wenzake walikwisha kumzoea, na wagonjwa walimwendea wakijua hali yake.

Sacks mwenyewe alikuwa na lake. Hakuweza kutambua nyuso za watu, hata za watu aliowajua kwa miaka mingi, na mwaka 2010 aliandika hadharani juu ya jambo hilo. Alisimulia kwamba zaidi ya mara moja alimwomba radhi mtu mwenye ndevu aliyekaribia kugongana naye, kisha akagundua kuwa anazungumza na kioo. Aliwatambua watu kwa sauti, kwa mwendo na kwa mavazi. Aliishi hadi mwaka 2015, na katika maisha yake aliwatibu wagonjwa wengi.

Tofauti ya daktari mmoja na ya mwingine hazifanani, na kwa hiyo msaada wao pia haufanani. Asiyetambua nyuso atafaidika sana wenzake wakivaa vitambulisho vyenye majina yanayosomeka. Mwenye disleksia atafaidika na fomu zilizopangwa vizuri, na programu ya kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti. Mwenye ADHD atafaidika na kengele ya simu inayomkumbusha, na kwa kutokatizwa anapoandika dawa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya msaada wowote ni kumuuliza mwenyewe.

Kiwango hakishushwi

Msomaji anaweza kusema: haya ni mambo ya roho za watu, na huruma kwa daktari isije ikawa dhuluma kwa mgonjwa. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa.

Waislamu tunamjua Abdullah bin Umm Maktum, sahaba kipofu, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfanya kuwa muadhini, na adhana yake ndiyo iliyokuwa ikiwajulisha wafungaji kwamba alfajiri imeingia na kula kumekwisha. Mtu asiyeona mwanga alikabidhiwa kazi inayotegemea kuonekana kwa mwanga. Je, alfajiri ilisogezwa kwa ajili yake? Haikusogezwa. Alikuwa akiambiwa kwamba kumekucha, ndipo akaadhini. Wakati ulibaki palepale. Kilichowekwa ni njia ya yeye kuujua. Huo ndio msaada tunaouzungumzia. Dozi sahihi ni ileile kwa madaktari wote, na mtihani wa kumthibitisha daktari ni uleule. Kinachorekebishwa ni njia ya kulifikia lililo sahihi.

Tena, marekebisho mengi huwafaa wote. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, vinavyosomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kukatwa, na kabla ya kutolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, na moja ilikuwa hapa Tanzania, Ifakara mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Orodha ile haikuandikwa kwa ajili ya madaktari wenye usonji au ADHD. Iliandikwa kwa sababu hakuna binadamu ambaye kumbukumbu yake haimsaliti. Basi mtarajali akiomba maagizo yaandikwe, anaomba jambo ambalo lingeweza kumwokoa na mgonjwa wa daktari mwingine.

Mambo matano

Mwaka 2023 Dk. Doherty na wenzake walichapisha mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa wenye usonji, wakataja mambo matano. Ukiyaelekeza kwa mtumishi, yanafaa vilevile.

La kwanza ni hisi. Kelele, mwanga mkali na harufu humchosha mwenye usonji kuliko tunavyodhani. Apatiwe kona tulivu ya kuandikia mafaili, taa inayomezameza itengenezwe, na asizuiwe kutoka kwa dakika chache baada ya kazi nzito.

La pili ni kutabirika. Ratiba ya zamu itolewe mapema, na isibadilishwe siku ileile ila kwa dharura ya kweli. Siku ya kwanza katika idara mpya atembezwe: dawa za dharura ziko hapa, fomu ziko pale, bingwa wa zamu hupigiwa kwa namba hii.

La tatu ni kukubaliwa. Asilazimishwe kutazama watu machoni, asilazimishwe kukaa katika soga la chumba cha chai, na tabia zake zisifanywe kichekesho.

La nne ni mawasiliano. Agizo litaje jina la mgonjwa, namba ya kitanda, la kufanya na saa ya kulifanya. Aliyepokea alirudie kwa maneno yake ili wote wawili wawe na hakika. Makosa yasahihishwe faraghani na kwa kutaja jambo lenyewe. Kumwambia "jitahidi zaidi" hakumwelekezi popote, lakini kumwambia "andika dozi kabla ya kuondoka kitandani kwa mgonjwa" ni mafunzo.

La tano ni kujaribu kuhisi anavyohisi mwenzio. Mkubwa wa idara ajiulize, kabla ya kuandika ripoti mbaya: je, huyu amekataa kufanya, au hakuelewa nilichotaka?

Tusisubiri cheti

Kwetu si rahisi mtu mzima kupata uchunguzi wa kitaalamu wa usonji au ADHD. Wengi watamaliza utumishi wao bila ya karatasi yoyote inayotaja hali yao. Lakini mganga mfawidhi hahitaji karatasi hiyo ili abandike ukutani majina na namba za mabingwa wa zamu, wala afisa utumishi hahitaji cheti ili atoe ratiba mapema.

Sheria pia ipo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotambua haki ya mtu kurekebishiwa mazingira ya kazi, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayokataza ubaguzi katika ajira. Daktari anayetaka kuitumia haki hiyo kwa ukamilifu atahitaji kueleza hali yake. Asiye tayari anaweza kuanza na haja badala ya jina. Anaweza kumwambia mkubwa wake: "Nafanya kazi vizuri zaidi nikiandikiwa maagizo." Hapo hakutoa siri yoyote, na ameomba jambo ambalo mkubwa mwenye busara hawezi kulikataa. Akiamua kusema zaidi, amchague mtu mmoja mwaminifu, na aliyeambiwa ajue kwamba amekabidhiwa amana. Siri ya mtumishi haijadiliwi wodini wala kwenye kundi la simu.

Nyumbani na msikitini

Sehemu kubwa ya kuficha huanzia majumbani mwetu. Mzazi humwambia mwanawe: usiseme, watakuona mgonjwa. Shangazi huongeza: posa zitarudi. Wengine hukimbilia kusema kwamba kijana ana jini au amehusudiwa. Kumuombea dua ni haki yake juu yetu, lakini usonji si jini. Ni maumbile aliyozaliwa nayo, na haukusababishwa na malezi ya mama yake. Kijana aliyefundishwa tangu utoto kuionea aibu hali yake hatapata ujasiri wa kuieleza mbele ya bingwa.

Familia inaweza kufanya mengi yasiyohitaji utaalamu. Anayerudi kutoka zamu ya usiku aachwe alale, na mgeni aliyekuja kutaka ushauri wa dawa asubiri. Asilazimishwe kuhudhuria kila hitima na kila harusi wakati nguvu zake zimekwisha. Mke au mume ajue kwamba ukimya wa jioni huenda ni uchovu wa masikio na akili, wala si chuki. Na akitamka kwamba amechoka kuishi, lisichukuliwe kuwa neno la kupita, wala asikemewe kwa upungufu wa imani. Asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo kwa wahudumu wa afya ya akili. Daktari naye hutibiwa.

Kamati za misikiti nazo zina sehemu yao. Mara nyingi tunapoandaa siku ya upimaji wa afya, huwaita madaktari wa mtaani kujitolea, kisha tukawaweka uani penye vipaza sauti, watu wakisukumana na kila mmoja akitaka kuhudumiwa kwanza. Tungetenga chumba cha darsa, tukawapa wagonjwa namba, na tukamweka kijana mmoja mlangoni wa kuwaita kwa zamu, daktari mwenye usonji angefanya kazi siku nzima bila ya kuelemewa, na wazee wetu wasingesimama juani.

Kwa mzazi aliye na mtoto daktari, au muuguzi, au mwanafunzi wa fani hizo, pendekezo letu ni swali moja tu: "Kazini kwako, ni jambo gani dogo ambalo likibadilika utapumua?" Jibu huenda lisije siku hiyo. Aulizwe tena wiki nyingine bila ya kulazimishwa, na atakapojibu asikatizwe kwa nasaha.

Wabillahi tawfiq.